Siku ya Saba ya Bwana Hamud

Kehancha,
12 Januari 2025

Mama Mdogo Dorah,

Najua barua huanza na salamu, lakini nikianza na salamu nitaishia hapo hapo, kama nilivyofanya jana na juzi nikachana karatasi. Kwa hiyo nasema kwanza: ninamwomba Mungu watu waache kuniombea. Sijamwambia mtu mwingine. Hata Mungu mwenyewe namwambia nikiwa nimejifunika shuka.

Sasa nakusalimu. Sisi hatujambo. Mgongo wa Mama umepoa, ila akiona kuni zinahitaji kupasuliwa unamrudia. Baba amepanda viazi vitamu upande wa mto. Mdogo wangu Omanga amepata viatu vipya vya shule na anavivaa hata akienda chooni.

Unajua nilipunguzwa kazi mwezi wa Novemba pale kwenye ghala la tumbaku, nilikokuwa naandika uzito wa marobota. Wakulima wengi walipanda mahindi, ghala likakosa kazi, wakaanza kupunguza watu kuanzia walioajiriwa mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa mwisho. Mama alikuwa amewaambia washiriki wa kanisa kwamba niko kwenye kampuni ya mazao, kwa sababu binti wa Kisabato na tumbaku ni maneno yasiyokaa kwenye sentensi moja. Lakini Kehancha ni ndogo. Tangu nitoke, kila Sabato mzee wa kanisa letu, mzee Obare, anasema, "Dada yetu Nyakerario asimame." Nasimama. Halafu anaomba: "Bwana, ulimfungia mlango ule wa majani, sasa umfungulie mwingine." Watu wote hufumba macho ila watoto, ambao hunitazama mpaka mwisho.

Baada ya ibada kila mtu ana shauri lake mlangoni. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama kuna dhambi nimeificha. Nilitafuta, nikakumbuka moja ya darasa la sita, lakini sikuona inavyohusiana na ajira.

Sabato iliyopita nilisema naumwa tumbo, nikabaki nyumbani. Wakaliombea tumbo.

Mama Mdogo, mimi nampenda Mungu na ninataka kazi. Lakini naona nikikaa hivi miezi mingine nitaacha kutafuta kazi, na nitaacha kanisa pia, yote mawili kwa sababu ya aibu. Wewe ulipopunguzwa pale shuleni Kendu Bay, ulifanyaje usikate tamaa? Na sasa unafanya kazi gani huko Kisegi? Mama husema "biashara". Nikimuuliza biashara gani, husema "nzuri".

Sikupigii simu kwa sababu simu iliyopo ni ya Mama, na Mama akizungumza kwenye simu huiweka sauti kubwa, majirani wanaitikia salamu. Barua hii nampa Makori, yule dereva anayeleta omena, dagaa wa ziwani, huku kutoka kwenu. Nisamehe kama itanuka.

Binti yako,
Nyakerario


Kisegi,
3 Februari 2025

Nyakerario mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka kama ulivyosema, nikaipenda hivyo hivyo. Imechelewa kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi ukiangaza omena hawavuliwi, omena wasipovuliwa Makori hasafiri, na Makori asiposafiri wewe na mimi hatujuani hali. Kwa hiyo ukiona kimya, tazama juu angani kabla ya kunikasirikia.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto lina maneno yake wakati wa baridi. Kuku wangu mmoja amejifunza kuingia nyumba ya jirani na kutaga huko, na jirani anasema hajaona yai lolote. Ulifanya vizuri kuandika. Mama yako ni dada yangu na ninampenda, lakini siri ukimpa ni kama umeitundika kwenye kamba ya nguo.

Sasa nisikilize. Kwanza, mtu asiye na kazi ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote. Nenda kisimani, peleka hili kwa fulani, kaa na mtoto wa fulani, si huna kazi? Ukikubali, siku inaisha na hujatafuta chochote. Kila asubuhi oga, vaa viatu, uwe tayari kama mtu anayengojwa mahali. Wakikuona na leso kiunoni watakutuma. Wakikuona na viatu watajiuliza.

Pili, usiache kanisa kwa sababu ya mzee Obare. Mzee Obare si mlango, ni mtu aliyesimama mlangoni. Mpite. Na ombi lako la shuka Mungu amelisikia, ila nadhani amecheka kwanza.

Ulipouliza mimi nilifanyaje baada ya Kendu Bay, jibu ni refu kidogo, na kuhusu kazi ninayofanya sasa

Nimeitwa. Nitamalizia siku nyingine.

Mama yako mdogo,
Dorah


Kehancha,
2 Machi 2025

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limenyamaza na kuku amerudi kwenu kutaga. Hapa mvua imeanza. Ng'ombe wetu amezaa ndama mwenye doa jeupe usoni, Omanga amemwita Mwalimu Mkuu, na Baba anaogopa jina hilo litafika shuleni.

Nimefuata shauri lako la viatu. Siku ya kwanza nilivaa, Mama akaniuliza naenda wapi, nikasema natafuta kazi, akanipa pesa za nauli na akaniambia nikirudi nipitie chumvi. Nilitembea mjini. Niliingia duka la kwanza, mwenye duka akasema, "Karibu, nikupe nini?" Mama Mdogo, maneno yote niliyoyapanga njiani yaliondoka. Nikasema, "Chumvi."

Nikaingia duka la pili. Nikasema chumvi.

Wiki hiyo nzima ilikuwa hivyo. Mtu akiniangalia machoni na kuniuliza shida yangu, naona aibu kusema shida yangu ni yeye anipe kazi, kwa hiyo nanunua kitu kidogo nitoke. Kwenye duka moja mwenyewe alinikumbuka akasema, "Nyinyi kwenu mnakausha samaki?" Mama alifungua kabati jana akahesabu pakiti. Halafu akasema, "Nyakerario, chumvi yote hii tunamzika nani?"

Sijakata tamaa, lakini nimechoka. Kanisani bado nasimamishwa. Namwambia Mungu nitaendelea kuwa mwaminifu, ila anisaidie kwenye ile sekunde ya "nikupe nini".

Hukumaliza kuhusu kazi yako. Uliandika "kuhusu kazi ninayofanya sasa", kisha ukaitwa. Nani alikuita?

Binti yako,
Nyakerario


Kisegi,
24 Machi 2025

Mwanangu,

Nimecheka kwa ajili ya chumvi mpaka watu wakaja kuona kama naumwa. Unisamehe. Hatujambo huku, ila yule kuku nimemchinja, nami sitaki kulizungumzia.

Dawa yako ni rahisi. Ukienda kuomba kazi, usibebe hata shilingi. Mfuko ukiwa mtupu, huna la kusema ila ulilojia. Nauli iache pia, tembea.

Na jambo jingine, kubwa kuliko hilo, ulishike sana. Mtu akikubali kukuajiri, habari ya Sabato mwambie siku hiyo hiyo. Usingoje akuzoee, wala usiseme utamweleza polepole. Sema mapema, sema waziwazi, na umtazame ukisema. Neno ambalo hukulisema siku ya kwanza, siku ya kumi halitoki tena. Limeshaota mizizi kooni. Ninajua ninachosema.

Usiniulize ninajuaje. Kuhusu aliyeniita, ni watu wa hapa hapa. Wana haraka, na chai

Nimeitwa tena.

Dorah


Kehancha,
27 Aprili 2025

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Pole ya kuku, sisemi zaidi. Mwalimu Mkuu anakula vizuri.

Nimepata kazi. Naandika haraka, ndiyo maana herufi zinatambaa.

Nilifanya ulivyosema. Niliacha pesa nyumbani, nikatembea hadi mjini, nikaingia kwa Bwana Hamud. Huyu ni mfanyabiashara aliyehamia hapa mwaka jana kutoka Isiolo, anauza vitambaa na sare za shule, na mkewe Mama Sumeya anashona nyuma ya pazia. Akasema, "Karibu, nikupe nini?" Nikatia mkono mfukoni kwa mazoea. Mfuko ulikuwa mtupu. Nikasema, "Kazi."

Akasema, "Eh?"

Nikarudia. Mama Sumeya akachungulia akasema, "Anasema kazi. Mpe, huyu hatapiga kelele."

Hamud akaniuliza nimesoma mpaka wapi, najua kupima, najua kuhesabu. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema nianze Jumatatu. Ndipo nikakumbuka onyo lako. Sikuweza kumtazama, nilitazama kitambaa cha sketi za kijani, lakini nilisema, "Siku ya saba sifanyi kazi."

Mama Mdogo, yule mzee alifurahi. Aliweka mkono kifuani akasema, "Kumbe unajua. Binti, mimi mwenyewe siku ya saba sifungui. Anijie nani, aje na pesa kiasi gani, sifungui. Umelelewa vizuri."

Nilitoka pale nikidhani nitaruka. Mwislamu anayeshika Sabato, hapa hapa Kehancha, na sisi hatukujua.

Nilimwambia Mama. Mama akawaambia watu kwa simu, sauti kubwa. Jana mzee Obare alinisimamisha kwa mara ya mwisho, akatoa shukrani, akasema Bwana amemgusa mfanyabiashara mkubwa mjini. Wameamua kumpa wiki moja, kisha wataenda kumtembelea na vijitabu vya masomo, kwa kuwa ameshaanza mwenyewe.

Kesho nafika dukani kabla hawajafungua. Asante, Mama Mdogo. Usinijibu kuhusu kazi yako kama hutaki. Nina furaha, sitaki kumsumbua mtu.

Nyakerario


Kehancha,
11 Mei 2025

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima wote. Hiyo ndiyo habari njema, imeisha.

Nitakueleza kwa utaratibu. Nilifanya kazi kuanzia Jumatatu. Kazi yangu ilikuwa kuwapima watoto wanaonunuliwa sare. Watoto wanamwogopa Hamud kwa sababu ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, na tepu ya kupimia huivaa shingoni kama nyoka. Mimi nawapima kimya, wanasimama. Mama Sumeya alinipenda. Alisema duka limepata baridi.

Ijumaa nilifika asubuhi, nikakuta duka limefungwa. Nikakaa kwenye ngazi. Nilipoona hafungui, nikasema, kumbe ndugu huyu anajitayarisha kwa Sabato tangu asubuhi, wakati sisi tunaanza kukimbizana na maji saa kumi jioni. Niliona aibu kwa ajili yetu. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama, na Mama akafua mapema.

Jumamosi, baada ya ibada, mzee Obare akakusanya akina mama wa kwaya na vijitabu, akasema twende tukamtie moyo ndugu Hamud nyumbani kwake, maana leo duka limefungwa. Nikaburutwa niwaonyeshe njia. Njia inapita mbele ya duka.

Duka lilikuwa wazi. Lilikuwa limejaa watu hadi barazani. Hamud alikuwa peke yake, jasho linamtiririka, mtoto mmoja analia mikononi mwake na mwingine analia akingoja zamu.

Mzee Obare hakurudi nyuma. Akapenya akasema, "Ndugu Hamud, Sabato njema."

"Na kwako, mzee. Mtoto wako yuko darasa gani?"

"Hatukuja kununua. Tumekuja kukupongeza. Tumesikia unaishika siku ya saba."

"Tangu nizaliwe," Hamud akasema, na kweli alipendezwa.

"Mbona leo umefungua?"

"Leo? Leo ni siku ya mosi, mzee. Juma-mosi. Ya saba ilikuwa jana. Nilifunga, muulize yeyote hapa."

Mzee Obare akanyoosha vidole kuhesabu. "Jumapili, moja. Jumatatu, mbili."

"Jumatatu ni tatu, mzee. Huisikii inavyojiita?"

Mama mmoja aliyeshika sweta akasema, "Hata mimi nasikia tatu." Duka zima likacheka.

"Hicho ni Kiswahili tu," mzee Obare akasema. "Biblia haihesabu kwa Kiswahili."

"Na hiyo uliyobeba kwapani imeandikwa kwa lugha gani?"

Mzee Obare akaitazama Biblia yake kama imemsaliti. Mimi nilikuwa nyuma ya mama mnene kuliko wote katika kwaya, lakini aliinama kuokota vijitabu vilivyomwanguka, Hamud akaniona.

"Binti. Kumbe u mzima. Nimekungoja tangu asubuhi, nilidhani umegongwa na boda boda. Hii ndiyo siku ya saba uliyoniambia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nami nilidhani unaheshimu Ijumaa yangu. Kwa nini hukusema Jumamosi? Neno jepesi, hata mtoto analisema."

Nilitazama tena kitambaa cha kijani. Akasema, polepole kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Jumamosi ndiyo siku inayolisha duka hili. Kesho usije."

Njiani mzee Obare alisema nimeteswa kwa ajili ya imani. Sabato hii nilisimamishwa tena, safari hii kama shujaa. Mama Mdogo, mimi si shujaa. Sikuteswa. Nilisema neno kwa sauti ndogo, nikaona ameelewa, nikashukuru kwamba sihitaji kulirudia.

Sasa kuna jingine, na nimefikiria sana kama niliandike. Makori alinionea huruma kwa kuwa nilikuwa nalia nikimpa salamu zako. Akasema, "Usilie, kazi ni kazi. Tazama mama yako mdogo. Jumamosi pale hotelini kwa Terry anakanda unga tangu kabla ya jua, chapati zake ndizo tunazofuata madereva wote. Hachagui siku."

Nilimwuliza, Jumamosi? Akasema, kila Jumamosi.

Sikulaumu. Wewe ndiye unayenifundisha. Lakini nimekuwa nikiwaza kwamba kama Mama Mdogo anaweza, labda mimi ndiye ninayejisumbua bure. Nataka kwenda kwa Hamud nimwambie nitakuja siku zote, hata Jumamosi. Kazi nyingine sitapata, Mama Mdogo. Najijua. Siwezi kuanza tena na chumvi.

Sitaenda mpaka unijibu. Niambie tu niende au nisiende.

Nyakerario


Kisegi,
2 Juni 2025

Mwanangu Nyakerario,

Nakusalimu, na wazazi wako pia. Nimechelewa kukujibu, na safari hii si kwa sababu ya mwezi. Makori amepita hapa mara mbili akaniuliza kama nina barua, nikamwambia karatasi imeisha. Karatasi ilikuwepo.

Ni kweli. Ninapika kwa Terry. Wale wanaoniita ni madereva na wauza samaki wanaotaka chai. Ni kazi halali na sina aibu nayo, chapati zangu hazina mpinzani pwani hii ya ziwa. Jumamosi ndiyo ninayoona aibu.

Nilipotoka Kendu Bay nilikaa mwaka mzima bila kazi. Nilikuwa shemasi, unakumbuka. Mwanzoni niliomba nikiwa nimepiga magoti. Baadaye nikawa naomba nikiwa nimelala. Kufikia mwisho nilikuwa napita mbele ya kanisa upande wa pili wa barabara, kama mtu anayedaiwa. Siku Terry aliponiuliza, "Kuna siku yoyote huwezi kuja?", nilikuwa na njaa, naye alikuwa na haraka, sufuria ilikuwa inafurika. Nikasema, "Hakuna." Neno moja tu. Hakunilazimisha. Terry hajui hata leo kwamba mimi ni Msabato. Anadhani sina dini, na amewahi kunialika kanisani kwao.

Wewe ulisema neno ukalikosea. Mimi nililijua neno sahihi nikalimeza. Usinichukue mimi kuwa kipimo.

Umesema nikwambie uende au usiende. Nenda. Lakini usiende kumwambia utakuja Jumamosi, wala usiende kulia. Mtu aliyekuambia "kwa nini hukusema Jumamosi" hakukukataza kulisema. Alikuuliza swali, nawe ulitazama kitambaa. Nenda ukalijibu. Akikataa baada ya kukusikia, utakuwa umekataliwa wewe mwenyewe, si sauti yako ndogo. Hiyo inauma kidogo zaidi lakini inapona haraka, nakuahidi.

Wala usiende mikono mitupu. Mtu anayeomba siku lazima aje na siku. Fikiria una nini cha kumpa ambacho yeye hana.

Kuhusu Jumamosi zangu, tafadhali usiniulize tena. Si kwamba nimekasirika. Ni kwamba ukiniuliza nitakujibu kwa utani, na sitaki kulifanyia utani.

Hakuna aliyeniita. Nimemaliza mwenyewe.

Mama yako mdogo,
Dorah


Kehancha,
29 Juni 2025

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo sana. Hatujambo. Baba ameuza viazi, Mama amenunua sukari, na chumvi tunayo. Omanga amekatazwa kumwita ndama jina lake mbele ya wageni, tangu mwalimu mkuu halisi alipopita njia akageuka kuitika.

Barua yako niliisoma mara nyingi, halafu nikavaa viatu.

Nilisimama nje ya duka la Hamud mpaka waendesha boda boda wakaanza kuniuliza naenda wapi. Kila nilipotaka kuingia, mteja alitangulia. Nilikuwa nimepanga kusema, "Bwana Hamud, naomba dakika moja ya muda wako." Ilikuwa sentensi nzuri. Nilipoingia nikamkuta amepiga goti, anajaribu kumpima kaptura mtoto mdogo ambaye ametulia kwa shida. Hamud akainua kichwa. "Binti. Nikupe nini?"

Mama Mdogo, sijui ilitoka wapi. Nilifungua mdomo na sauti ikatoka yote kwa pamoja, ile ambayo sijawahi kuitumia tangu nizaliwe. Nikasema, "Jumamosi!"

Mtoto akaanza kulia. Cherehani ya Mama Sumeya ikasimama. Kijana mmoja wa boda boda akaingiza kichwa akauliza kama kuna mwizi.

Hamud akasimama taratibu akasema, "Binti, mimi si kiziwi."

Lakini nilikuwa nimeshaanza, na sikujua jinsi ya kupunguza. Nikaendelea kwa sauti ile ile kwamba Jumamosi sitakuja, siku ya mosi au ya saba aihesabu apendavyo, ni hiyo hiyo ninayoenda kanisani, na nilipaswa kuisema kwa jina lake tangu mwanzo. Nikasema nitakuja Jumapili mpaka Alhamisi. Na Ijumaa, kwa kuwa yeye hafungui, nitachukua sketi na kaptura za Mama Sumeya nizipinde nyumbani kwa mkono, nizimalize kabla jua halijazama na Sabato kuingia, ili yeye Jumamosi auze nguo zilizo tayari badala ya kuwaambia watu warudi kesho.

Nilipomaliza nilimtazama. Nilisahau kutazama kitambaa.

Hamud akasema, "Siku mbili hatuonani kwa juma moja. Huyo ni mfanyakazi au ni mgeni?"

Mama Sumeya akatoka nyuma ya pazia na sindano mdomoni. Akaitoa. "Baba Sumeya, Jumamosi mbili zilizopita nguo zimerudishwa ngapi kwa sababu hazijapindwa? Na tangu huyu aondoke, kuna mtoto uliyempima asiyelia?"

"Huyu amemliza yeye," Hamud akasema, akionyesha mtoto.

"Basi ambembeleze."

Nikapiga magoti nikambembeleza, nikampima, akasimama. Hamud alitutazama. Akavua tepu shingoni, akaiweka juu ya meza karibu nami, hakunipa mkononi. Akasema, "Jumapili uje mapema. Na ukiwa na jambo jingine la kuniambia, anza kwa sauti ya kawaida."

Ninaandika hii nikiwa na wiki tatu kazini. Naogopa bado. Kila Alhamisi jioni nikibeba mzigo wa sketi nafikiri atabadilisha mawazo. Lakini Jumamosi iliyopita nilikaa kanisani mpaka mwisho, sikuumwa kitu chochote.

Uliniambia nisikuulize kuhusu Jumamosi. Siulizi. Ila Makori amekuja leo amenuna. Anasema Jumamosi hii pale kwa Terry chapati zilipikwa na mtu mwingine, zilikuwa ngumu kama soli, na madereva wamelalamika. Anasema Terry amewaambia wazoee, itakuwa hivyo kila Jumamosi. Siulizi, Mama Mdogo. Nimekuandikia tu habari za Makori.

Sasa nina ombi. Kanisani wanasimulia kwamba Bwana alinena na Hamud kwa upole usiku, asubuhi akaniita mwenyewe. Sikuwaambia hivyo, ila Mama alinisikia nikisema "tulizungumza", na mengine akayamalizia kwenye simu. Nataka kuyarekebisha, na nitayarekebisha, lakini si mwezi huu. Kiongozi wa kwaya anatafuta mtu mwenye sauti ya kufika nyuma bila kipaza sauti, kwa ajili ya makambi, ile mikutano mikubwa ya Agosti, na amekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza.

Tafadhali usimwambie mtu kwamba nilipiga kelele, hasa Mama.

Binti yako,
Nyakerario